Bembea za Matairi Ipogolo: Kujitegemea au Kutelekezwa?



Leo sitaandika juu ya Bunge wala bajeti, ingawa huenda mwishoni ukaona kwamba nimeandika juu ya vyote viwili. Nataka kusimulia habari ya matairi chakavu 23, mtoto mmoja aliyevunjika mkono kwa uzembe wangu, na swali nililoulizwa na mama yake. Niliandika tasnifu ya udaktari kuhusu utekelezaji wa sera za umma, na swali hilo halimo ndani yake.

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya akifika Ipogolo huwa amefika Iringa, lakini hajauona mji. Mji wenyewe uko juu ya mlima, na ili kuufikia ni lazima uiache barabara kuu na kupanda. Barabara kuu haina haja na mji. Hupita chini, jirani na Mto Ruaha Mdogo, ikielekea Mafinga, Makambako, Mbeya na Tunduma, na huko mbele Zambia na Kongo. Ni barabara iliyozaliwa na siasa. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao haramu tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya baharini isiyopita mikononi mwa watawala wa kizungu wa kusini, na njia hiyo ikapitishwa kwetu. Tangu wakati huo shaba inashuka na mafuta yanapanda, na Ipogolo inaishi kwa kuwahudumia wapitao: mama ntilie, wauza mahindi ya kuchoma, nyumba za wageni na mafundi wa kuziba pancha.

Mafundi hao ndio wenye matairi. Malori yakishaupanda mlima Kitonga na mzigo, baadhi ya matairi hufika Ipogolo yamepasuka au yamekuwa vipara, na hapo hubadilishwa. Tairi lililokufa halikosi kazi. Mengine hukatwa makatambuga, mengine hutolewa mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli na pikipiki, mengine hugeuzwa vyombo vya kunyweshea mifugo. Yanayobaki hulundikwa nyuma ya vibanda, yakisubiri mvua iyajaze maji na mbu, au kiberiti. Tairi pia lina historia chafu katika nchi yetu, kwa kuwa limetumika kuwachoma moto watu walioitwa wezi kabla hakimu hajawasikiliza. Nilipoanza kuwaomba mafundi matairi, mmoja wao alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwalimu, unataka kumchoma nani?" Nilicheka, nikamwambia ni kwa ajili ya watoto.

Nilikuwa na sababu. Mwanangu wa mwisho alipofikisha miaka 5 nilimwandikisha darasa la awali katika shule ya umma iliyo karibu na barabara. Baadhi ya wenzangu chuoni walidhani nimeishiwa fedha. Ukweli ni kwamba niliona haya. Kwa zaidi ya miaka 10 nimewafundisha vijana kwamba huduma za umma huharibika pale wenye sauti wanapozihama, ilhali mimi mwenyewe nilikuwa nimezihama pamoja na watoto wangu wawili wa kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na tangu Januari 2016 mzazi hatozwi ada wala michango ya lazima katika shule za msingi za umma. Watoto wakaja kwa wingi, kama ilivyotarajiwa. Katika darasa la mwanangu walikuwa 118, na mwalimu wao alikuwa mmoja, mama mvumilivu ambaye kila jioni sauti yake ilikuwa imekauka.

Hata hivyo kilichonishtua zaidi hakikuwa darasa bali uwanja. Ulikuwa udongo mtupu, uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Hapakuwa na bembea, hapakuwa na mtelezo, hapakuwa na hata gogo la kukalia. Wakati wa mapumziko watoto wakubwa walicheza rede na kombolela, na wale wadogo wa awali walisimama kando ya ukuta wakijikinga wasipigwe kumbo, au walitoka nje kuutafuta mchezo. Na mchezo ulikuwa kwa mafundi pancha: tairi na fimbo ya kulisukumia.

Nami nimekulia mchezo huo huo. Katika miaka ya 1980, wakati madukani hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, tulisukuma matairi na kuunda magari ya waya yenye magurudumu ya ndala, na hatukujiona maskini. Lakini kijijini kwetu gari lilipita mara moja kwa siku. Ipogolo malori hayakatiki. Mchana mmoja, nikimsubiri mwanangu, niliona tairi dogo likiteremka kuelekea lami, na nyuma yake mvulana wa miaka kama 6 akilikimbilia kwa furaha yote aliyonayo. Dereva wa lori alipiga honi na kushika breki. Tairi likavuka barabara. Mvulana aliishia ukingoni, kwa sababu muuza mahindi mmoja alimdaka shati. Lori likaondoka, mahindi yakaendelea kuchomwa. Hakuna aliyeandika taarifa yoyote, maana hakuna kilichotokea.

Usiku ule nilifungua tena mihadhara yangu. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, inaitambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto nao unasema hivyo katika ibara ya 12. Sheria ya Mtoto tuliitunga mwaka 2009. Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, yenye maeneo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto. Ni programu nzuri, na nasema hivyo bila kejeli. Mkoa wa Iringa unaihitaji kuliko mikoa mingi, kwani utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 wamedumaa, katika mkoa unaouza mahindi na nyanya kwa wengine. Sheria tunazo, mikataba tunayo, programu tunayo. Na mtoto alikuwa barabarani akilikimbiza tairi.

Nilikwenda katika ofisi moja ya umma kuuliza kama kuna fedha za uwanja wa watoto wa awali. Ofisa alinipokea kwa adabu, akanipa kiti, akafungua kitabu cha bajeti mbele yangu na kupitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Madawati yalikuwamo, matundu ya vyoo yalikuwamo. "Dokta, michezo ya watoto wadogo haina fungu," alisema. "Lakini wananchi wakijiongeza, sisi tutawaunga mkono." Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Yeye alinionyesha hesabu za ruzuku: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, kiwango kilichowekwa tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002, na si yote inayofika shuleni, kwa kuwa sehemu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Humo atoe chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mengineyo. Sikuwa na la kumlaumu.

Basi tukajiongeza.

Kiongozi wetu alikuwa fundi mmoja mzee, Mhehe aliyefanya kazi ya matairi tangu ujana wake. Kila asubuhi alitupokea kwa "Kamwene", akasubiri kila mmoja aitikie, ndipo kazi ianze. Tulikuwa wazazi sita, walimu wawili na wanafunzi wangu wachache waliojitolea siku za Jumamosi. Somo la kwanza alilotupa mzee ni kwamba si kila tairi linafaa kwa kila kazi. Tairi la lori la siku hizi lina uzito wa zaidi ya kilo 50, na ndani yake limefumwa kwa nyuzi za chuma. Ukilikata, ncha za nyuzi hutokeza kama sindano, na mtoto akiteleza juu yake atachanika. Kwa hiyo matairi ya malori hatukuyakata. Tuliyazika yakiwa mazima, yamesimama, nusu ardhini na nusu juu, matano kwa mstari, yakawa pango la kutambaa. Matairi ya magari madogo tuliyachunguza moja moja kwa mkono, na lililotokeza waya tulilitupa. Mengine tuliyalaza, tukayajaza udongo na kuushindilia, yakawa mawe ya kurukia. Matatu yaliyokuwa bora kuliko yote tukayatenga kwa ajili ya bembea.

Kila tairi liliogeshwa kwa sabuni ya unga na brashi mpaka maji yakatoka meupe, maana grisi na vumbi la breki si vitu vya kuachwa mahali watakapokaa watoto. Kisha tukayatoboa kwa drili, matundu manne au matano upande wa chini, ili maji ya mvua yasituame. Hili si jambo dogo. Homa ya dengi iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019 huenezwa na mbu anayeuma mchana na kupenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo kama hivi. Mwisho tukayapaka rangi ya mafuta, njano na bluu, kwa kuwa tairi jeusi likipigwa na jua huchoma ngozi. Nguzo zilikuwa za mikaratusi, tukazizamisha mita moja. Chini ya bembea tulimwaga viroba vya maranda kutoka kwa maseremala, ili anayeanguka aangukie kitu laini kuliko ardhi ile.

Tulipokuwa tukiosha, niliwasimulia wenzangu habari za John Boyd Dunlop. Alikuwa daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, na mwishoni mwa mwaka 1887 alitengeneza tairi la kujazwa upepo ili baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo isimtikise sana. Mwaka uliofuata akapata hataza ya uvumbuzi huo. Tairi la upepo lililoienea dunia lilianzia katika mchezo wa mtoto. Niliongeza yaliyofuata: dunia ilipohitaji mpira mwingi kwa ajili ya matairi, watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold walilazimishwa kuukusanya msituni, na waliopungukiwa waliuawa au kukatwa mikono, mpaka Ubelgiji ilipomwondolea mfalme milki hiyo mwaka 1908. Mzee aliendelea kusugua. Baadaye akasema, "Kumbe tunamrudishia mwenyewe." Nilimuuliza ana maana gani. "Mtoto," alijibu. "Wakubwa waliliazima."

Sasa nifike kwenye kosa langu. Bembea hufungwa kwa mnyororo, na mnyororo ulikuwa ghali. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza fedha. Niliamua tununue kamba ya manila, nene, ya kuvutia macho. Mzee aliishika, akaipindapinda, akasema, "Mwalimu, kamba huliwa na mti." Nilimjibu kwamba mwisho wa mwezi tutabadilisha. Mwisho wa mwezi ukafika, ukapita, na mwingine baada yake.

Wiki za mwanzo zilikuwa za raha tupu, nami nisingependa msomaji azisahau kwa sababu ya yaliyofuata. Watoto wenyewe walitunga sheria ya zamu: unayesubiri unahesabu mpaka 20, kisha aliye juu anashuka. Mwalimu wa awali aliniambia kwamba baadhi ya waliokuwa wakikwama kwenye 12 sasa walifika 20 bila kusitasita, kwa sababu ukikosea unadaiwa kuanza upya. Kulikuwa na mvulana mmoja ambaye tangu Januari hakuwahi kufungua kinywa darasani. Huyo ndiye aliyejiteua kuwa mlinzi wa pango la matairi, na hakuna aliyepita bila kumsikia. Kubwa zaidi, wakati wa mapumziko barabara ya Ipogolo ilikosa watoto.

Wiki ya saba, siku ya Alhamisi, nilipigiwa simu nikiwa chuoni. Kamba ilikuwa imekatika pale juu, iliposuguana na nguzo, mahali ambapo mtu hawezi kupaona asipopanda. Watoto wawili walikuwa juu ya tairi. Mmoja aliangukia maranda akainuka. Mwenziwe, msichana wa miaka 6, aliangukia mkono nje ya maranda, mfupa ukavunjika. Tulimpeleka hospitalini kwa bajaji, akapigwa picha, akafungwa plasta. Nililipa gharama zote, na kulipa hakukunipunguzia chochote. Mwalimu mkuu alitaka vyote ving'olewe siku ileile. "Mimi ndiye nitakayeandikiwa barua," alisema, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Jioni ya pili yake nilikwenda kwa mama wa mtoto nikiwa na sukari na sabuni. Ni mama ntilie. Ana meza na mabenchi mawili mahali malori yanapopumzika. Nilimkuta akiwahudumia madereva. Nikasema, "Dada, nimekuja kuomba radhi." Akajibu, "Karibu ukae, Mwalimu," akaendelea kupakua ugali mpaka mteja wa mwisho alipopata. Kisha akanawa mikono, akakaa mbele yangu.

"Ile kamba, nani alikuwa anaikagua?"

Nilisema sote tulikuwa tunaangalia.

"Sote ni nani?"

Sikuwa na jibu. Karibu nasi utingo mmoja alikuwa akilizunguka lori lake na chuma mkononi, akiyagonga matairi moja baada ya jingine na kusikiliza mlio. Mama akamwonyesha kwa kidevu. "Huyu kijana hajasoma kama wewe. Lakini gari haliondoki hapa kabla hajayagonga yote. Akiacha moja, tajiri wake anamfukuza." Akanyamaza kidogo. "Watoto wetu tajiri wao ni nani, Mwalimu?"

Nilidhani sasa ataniambia tuzing'oe. Hakusema hivyo. "Msizing'oe. Tangu jana mwanangu ananiuliza bembea itatengenezwa lini. Mkiziondoa, atarudi huku." Naye aliponyesha huku, mkono wake ulielekea kwenye lami.

Yeye ndiye aliyeanzisha matengenezo. Aliweka kopo juu ya meza yake, akawaeleza madereva kisa chenyewe, na watu waendao Lubumbashi na Kapiri Mposhi wakaacha chenji zao humo. Kwa muda usiozidi mwezi tulikuwa na fedha za minyororo ya bembea tatu, pamoja na boliti na vyuma vya kuzuia mnyororo usisuguane na mti. Tukatandaza maranda mapana zaidi. Tukanunua daftari. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya watoto kuingia uwanjani, mzazi mmoja na mwalimu mmoja hupanda ngazi, hugonga minyororo, huvuta kila tairi, kisha huandika tarehe na kutia saini. Saini ya kwanza katika daftari hilo ni ya mama huyo.

Miezi kadhaa baadaye tuliletewa mgeni rasmi. Kulikuwa na utepe, ngoma na kamera. Mwalimu mkuu alisoma risala yenye maombi matatu: uzio upande wa barabara, kifungu cha matengenezo, na mtaalamu wa kukagua vifaa angalau mara moja kwa muhula. Mgeni rasmi alitusifu kwa ubunifu, akasema sisi ni mfano wa wananchi wasioisubiri Serikali, na kwamba maombi yamepokelewa. Tukapiga makofi, nami nikapiga. Hadi ninapoandika haya uzio haujajengwa.

Hapa ndipo ninapotaka tutafakari pamoja, ndugu msomaji. Katika siasa yetu neno kujitegemea ni neno tukufu. Azimio la Arusha na kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, vilitufundisha kuanza na tulichonacho mkononi. Nami naamini hivyo hadi leo. Nisingeamini nisingeshika brashi. Lakini katika falsafa ile mwananchi hakuachwa peke yake. Dola iliyomwambia mwananchi alime ilijenga pia viwanda, kikiwamo kile cha matairi cha General Tyre pale Arusha, ambacho kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009. Kujitegemea kulikuwa mapatano ya pande mbili. Upande mmoja ukijiondoa, kisha ukarudi siku ya kukata utepe, hilo linahitaji jina jingine. Mimi naliita kutelekezwa.

Kipimo cha kutofautisha mambo hayo mawili nilipewa na mama ntilie: nani anaikagua kamba? Wananchi wanaweza kutoa matairi, jasho, maranda na Jumamosi zao. Wasichoweza kutoa ni uendelevu. Mzazi hujitolea mtoto wake akiwa darasa la awali. Mtoto akifika darasa la tatu, mzazi naye husahau njia ya uwanjani. Mhadhiri huhamishwa. Mzee wetu ana miaka zaidi ya 70. Nimelipitia daftari la ukaguzi ili niandike makala haya, na nimekuta wiki tatu zisizo na saini. Zilikuwa wiki za mitihani chuoni, na zamu ilikuwa yangu. Hakuna aliyeumia, kwa bahati. Lakini mpango wa umma unaosimama juu ya kumbukumbu ya mhadhiri mwenye mitihani 200 ya kusahihisha unategemea bahati.

Wapo wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma, nao wataniambia kwamba fedha hazitoshi. Najua. Lakini tumeona kwamba jambo likiingia katika sheria hupata fungu. Mwaka 2018 sheria ilipozitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kila mweka hazina alilazimika kulionyesha hilo katika vitabu vyake. Siombi asilimia 10. Naomba mstari mmoja katika bajeti ya halmashauri uitwao viwanja vya watoto wa awali, hata ukianza na fedha za minyororo tu. Naomba wathibiti ubora wa shule, wanapokuja kutazama maandalio ya masomo, wapande na ngazi. Naomba shule iliyo kando ya barabara kuu isihesabiwe kuwa imekamilika bila uzio. Kwenu wanaharakati, naomba msiishie kupiga picha za matairi yenye rangi. Ulizeni yanakaguliwa lini na nani. Na kwenu wanafunzi wangu mliokuja Jumamosi zile mkarudi na mikono myeusi, mtakapokuwa maofisa na mwananchi akaja ofisini na ombi kama langu, kumbukeni kwamba "jiongezeni" si jibu mpaka nyinyi nanyi mmetaja mtakachoongeza.

Msichana yule amepona. Mkono umenyooka, na daktari alisema hautamsumbua. Yuko darasa la kwanza sasa, na bembea anaipanda kwa kusimama, jambo ambalo sheria za uwanja haziruhusu. Mama yake bado ana kopo juu ya meza, kwa ajili ya rangi ya mwakani. Nimeazima chuma kwa utingo mmoja, naye ameniambia nisikirudishe. Jumatatu ijayo ni zamu yangu.